Nguo Inayokubali Kuoza

Kilema,
Moshi.
12 Juni 2025

Mpendwa Violet, binti wa kaka yangu,

Nakuitikia marahaba kabla hujaniamkia, maana najua shikamoo yako imo njiani. Hujambo? Mtoto hajambo, ananyonya na kulala inavyotakiwa? Na yule mkwe wetu mrefu, aliyekula mtori kwa kijiko cha chai mpaka tukamhurumia, hajambo naye? Mgongo uliokuwa ukikusumbua tangu ujifungue umepoa? Jifunge kanga tumboni, usiwasikilize hao wa huko wanaosema haisaidii kitu.

Sisi hatujambo. Baridi ya Juni imeingia na mlima umejifunika, tangu wiki iliyopita hatujauona. Goti langu linalalamika nikipanda kutoka kwenye mfereji wa mfongo kuchota maji, lakini mdomo wangu ni mzima, kama utakavyoona mwenyewe. Ng'ombe amezaa ndama jike. Kahawa imebeba vizuri, tunaomba tu isipatwe na ule ugonjwa wa mwaka juzi.

Pole tena kwa msiba wetu, mwanangu. Umemlilia Bibi ukiwa peke yako mbali, na mtoto kifuani ambaye hata arobaini hajatimiza, na hilo linaniuma kuliko mengine. Sisi huku tulikuwa wengi, tuliegemeana. Najua ungekuja kama daktari angekuruhusu. Naye Bibi angekuona na kichanga kwenye ndege angekugombeza kutoka ndani ya jeneza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Siku ya mazishi ulitazama kwa simu ya Denis, mtoto wa jirani, ukaona jeneza limefungwa, ukauliza kama Bibi amevaa kitambaa chako. Baba yako mkubwa Rogath akakujibu kwamba mambo yote yamekwenda vizuri. Kesho yake ukanipigia mimi ukilia, ukasema hilo si jibu. Ni kweli, si jibu. Nami nikakwambia subiri nitakuandikia, ukanuna, nikakusikia kabisa ukinuna. Lakini nina mambo mawili ya kukueleza, na la pili linamhusu baba yako mzazi. Simu inakatika, tena maneno ya simu huwezi kuyasoma mara ya pili. Mlaze mtoto kwanza, kisha keti usome.

Bibi alinikataza kukueleza akiwa hai. Alisema, "Nikishalala mwambie yote, usipunguze." Sipunguzi.

Baba yako Jacob tulimzika kwenye sehemu yake ya kihamba, shamba letu la ukoo, kule chini karibu na barabara, alipokuwa ameanza kuchimba msingi wa nyumba. Barabara ilipokuja kupanuliwa, makaburi yote yaliyokuwa kando yake yalihamishwa, na la baba yako likawamo. Mama yako kule Mwanza aliarifiwa, akakubali. Wewe ulikuwa kwenye mitihani ya mwisho ya chuo na Bibi akasema usiguswe. Rogath alikuwa Dar, hakupata ruhusa kazini. Kwa hiyo siku ya kufukua, wa damu tulikuwepo mimi na Bibi tu, pamoja na bwana afya, katekista na vijana wa kuchimba.

Walisema wazee wasisogee. Bibi alisogea. Nani angemzuia? Alisema huyu nilimtoa mimi, nitampokea mimi.

Violet, jeneza lilikuwa limelainika na kubomoka. Baba yako alikuwa amekwisha, imebaki mifupa, na hilo kila mmoja wetu alilitegemea. Lakini suti ilikuwepo. Suti ile ya kijivu uliyomchagulia wewe, na shati, na tai, vyote vizima, kola imesimama, vifungo vimefungwa. Tope ndilo lililobadilisha rangi, basi. Bitana ya jeneza inayong'aa nayo ilikuwepo, na maua ya plastiki tuliyomwekea kifuani bado yalikuwa mekundu.

Usianze kusema ni kosa lako. Ulikuwa binti mdogo, ulizunguka maduka ya Moshi kutwa nzima ukimtafutia baba yako nguo ya heshima, na sote tulisema umechagua vizuri. Sote tunazikana hivyo hivyo. Hatujui kinachoendelea chini kwa sababu hakuna mtu anayerudi kuangalia.

Tulimkusanya kwenye kisanduku kipya pamoja na suti yake, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumvua, tukamzika juu karibu na nyumba, kwenye mimea ya masale pale alipolala babu yako. Bibi hakulia. Alikula kidogo, akasali sana, mpaka Kwaresima ilipoingia. Jumatano ya Majivu alirudi kutoka kanisani na alama yake usoni, akakaa jikoni, akaniambia, "Theo, kila mwaka padri ananiambia mimi ni mavumbi na mavumbini nitarudi. Jacob atarudije? Amefika mlangoni, nguo inamzuia asiingie."

Nikamwambia mama, roho yake ilishafika siku nyingi.

Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nikisahau chumvi. "Roho ni ya Ruwa, Mungu wetu," akasema. "Mimi naulizia mwili. Mwili ni wa kihamba."

Wewe umekulia humu, sina haja ya kukueleza sana. Majani ya mgomba anakula ng'ombe, samadi inarudi kwenye mgomba, kitovu chako kimefukiwa humo humo, na wazee wako wamelala humo. Bibi alikuwa na elimu mbili tu, hiyo ya kihamba na ile ya katekisimu, na sikuwahi kuziona zikigombana. Siku ile kwa mara ya kwanza nilimwona ana hofu. Hakuwa anaogopa kufa, alishazoea kukizungumzia kifo kama safari ya Kwa Sadala sokoni. Aliogopa kulala ardhini asipokelewe, na aliogopa zaidi kwamba mwanawe amelala hivyo tayari.

Ndiyo maana siku uliyopiga simu ukatueleza kazi uliyopata huko Austria, kwenye kiwanda kinachotengeneza nyuzi za nguo kutokana na miti, Bibi alininyang'anya simu mkononi. Ulieleza vizuri, hata mimi nilielewa. Kwamba mti unakatwa vipande vidogo, unapikwa mpaka unakuwa rojo, rojo linasafishwa linakuwa jeupe, linayeyushwa kwenye dawa mpaka linakuwa zito kama asali, halafu linasukumwa kwenye vitundu vyembamba kuliko unywele, linatoka nyuzi. Na kwamba ile dawa haimwagwi mtoni, inachujwa na kurudishwa kuyeyushia nyingine. Bibi akasema, "Kumbe ni kama pombe yetu ya mbege. Ukishachuja, machicha anakula ng'ombe, hakuna kinachotupwa." Ukacheka. Halafu akakuuliza, "Ukiifukia inafanyaje?" Ukamjibu, "Inaoza, Bibi, inakuwa udongo." Ukadhani ni maswali ya kizee.

Palepale akakuagiza kitambaa, tena kirefu. Ukaniandikia ujumbe pembeni kuuliza kama Bibi, mdogo kama mtoto wa komunyo ya kwanza, anataka kuvisha kwaya nzima. Nilikujibu tuma tu. Kilikuwa cha watu wawili, mwanangu.

Kilipofika akina mama wa jumuiya walipanga foleni kukishika, maana kilikuwa na rangi ya maziwa na kinateleza mkononi. Bibi hakukishangilia. Kwanza alitaka kujua ni mti gani. "Kama ni mkaratusi sikitaki," akasema. "Mkaratusi umetunywea maji ya mfongo miaka yote hii, halafu niuvae niende nao?" Ikabidi nikupigie tena, ukatuambia ni miti ya misitu ya huko huko, inavunwa kwa zamu na kuachwa iote upya. Akakubali, ingawa alisema mti wa mbali ni kama mkwe wa mbali, unampokea kwa kumwamini mtoto wako.

Hata hivyo Bibi hakuwa mtu wa kuamini maneno matupu. Akili ni nywele, na za kwake alikuwa amezisuka mwenyewe. Alinituma nikate kipande cha kitambaa chako, upana wa leso, naye akakata kipande cha kilemba chake cha sikukuu, kile kinachong'aa. Akavifukia vyote chini ya mgomba wa mshare, kwenye samadi, mwaka jana kabla ya masika. Mimi, kwa unadhifu wangu usioitwa, nilikuwa nimekipinda kile chako pindo kwa cherehani ili kisifumuke. Mvua ikanyesha, ikaisha. Siku moja baada ya misa ya asubuhi Bibi akachukua jembe.

Kilemba kilitoka kama kilivyoingia. Ungekifua tu ungekivaa Pasaka. Kitambaa chako hakikuwepo. Tulipekua udongo kwa vidole, hatukuona hata unyuzi. Kilichobaki ni uzi wangu wa cherehani, mshono wote pembe nne, umelala kwenye udongo umezunguka mahali pasipo na kitu.

Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaacha kucheka.

"Basi mngenizika ndani ya wavu," akasema.

Tukateremka Moshi mjini kwa Shital, yule mama mshonaji ambaye familia yao ina duka la vitambaa nyuma ya soko. Unamkumbuka, alikushonea sare ya sekondari. Tulitafuta uzi wa pamba tupu, na siku hizi uzi wa pamba tupu ni wa kutafuta kweli, karibu wote uliopo madukani hauozi. Nilianza kumzungusha Shital kwa maneno mengi, nikiona aibu kumweleza ni nguo ya nini mbele ya Bibi mwenyewe. Bibi akanikatisha. "Ni ya kuzikiwa," akasema. "Nataka iishe yote, na uzi wake."

Shital hakushtuka. "Sisi Wahindu tunachoma maiti, mama," akasema, "lakini hata sisi tunataka pamba. Hii nyingine ikishika moto inayeyuka, inamgandia mtu. Nilimwona mjomba wangu. Sipendi kukumbuka."

Akaingia ndani akatoka na uzi wa pamba wa zamani, wa mama mkwe wake Savita. Uzi ule ulikuwa unakatika ovyo, na Shital alishona nao polepole bila kunung'unika, ukikatika anaunga, ukikatika anaunga. Hakuweka kifungo wala zipu wala lastiki. Kamba za kufungia alizikata kwenye kitambaa chenyewe. Bibi alipoijaribu alisimama mbele ya kioo muda mrefu, akajigeuza huku na huku. "Nimependeza," akasema. "Ningekuwa nayo nikiwa msichana, baba yenu angeongeza mbuzi."

Shital akauliza kile kipande kingine akishone nini. Bibi akamwambia akiache hivyo hivyo. "Mwenyewe ametangulia," akasema, "anasubiri kubadilisha." Shital akakikunja, akatukabidhi, hakuuliza tena.

Bibi aliondoka mwezi uliopita, asubuhi, baada ya padri kumletea komunyo nyumbani na baada ya nusu kikombe cha uji. Alisema analala kidogo. Nilimfumba macho kwa mkono wangu, na sasa mimi ni yatima na mvi zangu zote. Nyumba ni kubwa mno, Violet. Naamka nikisikia kikohozi chake, halafu nakumbuka.

Rogath akapanda kutoka Dar na mke wake Doris. Hata chai hakumaliza, akateremka mjini kushughulikia jeneza, akarudi na picha kwenye simu. Limepigwa vanishi mpaka unajiona, na ndani limejazwa satini nyeupe ya mikunjo, na mto wake wa satini. Alikuwa amemnunulia na gauni, nalo linang'aa. Nikamwambia mama ana nguo yake, nikamletea. Aliishika kwa vidole viwili.

"Theo, hii ni shuka," akasema. "Mama hawezi kwenda na shuka. Watu wa kazini kwangu wanakuja, watasema nimeshindwa kumvalisha mama yangu."

"Wanakuja kumzika au kumkagua?"

"Naongelea heshima, Theo."

"Heshima ya kungoja barabara nyingine ije iifukue."

Nilisema hivyo kwa ukali, tena mbele ya mkewe, na sijutii sana. Lakini usimhukumu baba yako mkubwa. Hakuwepo siku tulipomfukua Jacob, na Bibi hakutaka aelezwe yeye wala wewe. Mtu anayeishi mbali na nyumbani huogopa kuonekana amesahau, basi hununua vinavyong'aa ili vionekane toka mbali. Wewe mwenyewe, yale mapazia uliyotutumia Krismasi, nisiseme.

Tulikwenda hivyo, tukinuniana, mpaka siku ya kuchimba kaburi. Bibi alikuwa ameagiza alazwe kando ya baba yako. Denis alikuwa shimoni na wenzake, na wakati wanachimba ubavu wa kile kisanduku ukaonekana. Nikajua nikinyamaza sasa nimenyamaza moja kwa moja. Nikaingia ndani, nikachukua kipande cha pili, nikaenda nacho hadi ukingoni mwa kaburi, nikamwambia Rogath agizo la mama lilikuwa la watu wawili.

Alishika kichwa. "Maiti hafukuliwi mara mbili," akasema. "Huo ni mwiko, Theo. Hata wewe unajua."

"Najua," nikamwambia. "Lakini huyu hajazikwa hata mara moja."

Nikamsimulia yote kama nilivyokusimulia wewe. Alisikiliza akitazama chini. Nadhani alidhani nimetia chumvi, unajua sifa yangu kwa watu wa nyumbani. Mwisho akasema tumpigie kwanza mama yako. Tulimpigia palepale. Akasema, "Fanyeni alivyotaka mama. Jacob alikuwa wake kabla hajawa wangu." Katekista akaanza kusali. Kisanduku kikatolewa, kikawekwa juu ya majani ya mgomba, na Rogath akawaambia vijana warudi nyuma. Akakifungua mwenyewe.

Hakuna aliyekuwa ametia chumvi. Suti ile ile. Na tai ile ile, ambayo Rogath mwenyewe ndiye aliyemfunga mochwari, kwa sababu baba yako hakuwahi kujua kufunga tai mpaka anakufa. Fundo lilikuwa bado limekaza.

Rogath akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya Dar. Alihangaika na fundo, nikataka kumsaidia, akanizuia kwa kiwiko. Lilipofunguka akaenda kwenye vifungo, kimoja kimoja. Halafu akaanza kusema na baba yako kwa Kichagga, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa watoto, enzi zile wakirudi shule wameloa mvua na yeye ndiye anamvua mdogo wake sare. "Nyoosha mkono," akamwambia. "Haya. Na huu mwingine. Nyoosha basi, utapata baridi." Ilikuwa mifupa, Violet, mifupa ndani ya mikono ya koti, lakini aliitoa taratibu kama anayeogopa kumwumiza.

Nililia pale kwa sauti. Mama yangu sikuwa nimemlilia hivyo. Denis naye alikuwa ameinama kwenye sepetu yake, mabega yanacheza.

Tulimlaza baba yako kwenye kitambaa chako. Rogath alikikunja pande zote, akakifunga kwa ukanda wa kitambaa kile kile, akashuka shimoni akampokea mwenyewe mikononi. Kisanduku tulikiacha juu. Alimlaza kwenye udongo, akamfunika kwa mikono kabla hajaomba sepetu.

Kesho yake mochwari, kabla sijasema lolote, nilimkuta ameliinamia jeneza anang'oa satini. Ilikuwa imebanwa kwa pini, zikamchana vidole. Mwenye jeneza akauliza kwa wasiwasi kama ina kasoro. Rogath akamjibu, "Haiozi. Ndiyo kasoro yake." Tukatandika majani makavu ya migomba niliyokuwa nimebeba kwenye gunia, majani ya kihamba chake mwenyewe, tukamlaza mama yetu na nguo yako. Nilimfunga kamba za kifuani, Doris akamfunga za miguuni. Rogath akasema jeneza lifungwe hapo hapo, asiyemjua mama kwa uso hana haja ya kuja kumtazama nguo.

Jibu lako ndilo hilo. Ndiyo, aliivaa. Wageni wa Dar walikula, wakasali, wakasema mazishi yalikuwa ya heshima sana.

Limebaki jambo moja, nalo linanishinda. Suti ya baba yako ninayo. Gauni na satini Rogath aliondoka navyo, lakini suti aliniachia mimi, alisema hawezi. Nimeifua. Tope lilitoka lote, mikunjo ya pasi ya siku ile ya mazishi bado inaonekana kwenye suruali. Kuichoma siwezi, Shital alishanieleza inavyofanya, sitaki kuiona ikifanya hivyo. Kuifukia nimeshajua. Kumpa mtu haiwezekani, na kuitupa jalalani moyo unakataa, kwa kuwa ndiyo iliyokaa na baba yako chini kule miaka yote tuliyokuwa hatupo. Wewe ndiye unayefanya kazi na nguo. Waulize wenzako hapo kiwandani, nguo isiyokubali kufa mnaipeleka wapi? Kama hata wao hawajui, niambie hivyo hivyo. Nami usinipunguzie.

Doris anakusalimu sana na anasema mtoto atumiwe picha akiwa amefumbua macho. Denis anakusalimu. Shital amekufungia vitenge viwili vya pamba tupu vya kumbebea mtoto, nitavituma nikipata msafiri. Katekista naye anauliza kama huko mnaenda kanisani. Nimemjibu mnaenda, sasa ni juu yako nisiwe nimedanganya.

Baba yako mkubwa anakusalimu kuliko wote. Alikujibu kwa kifupi siku ile kwa sababu kila akianza kukueleza machozi yanamtangulia, na mwanamume wa Kichagga afadhali aonekane mkali kuliko aonekane analia. Mpigie wewe. Usimuulize habari ya kitambaa. Muulize baba yako alikuwaje alipokuwa mdogo. Tangu siku ile hana hadithi nyingine, na hapa nyumbani amebaki mtu mmoja tu wa kumsikiliza, nami zote nazijua.

Ruwa akulinde na nyumba yako, amkuze mtoto, na siku moja akulete Kilema ukitembea kwa miguu yako mwenyewe.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda na kukugombeza,

Theopista